Nimeambiwa nifunge mdomo kwenye kibomba cha kunyonya mate, je mate ya mgonjwa mwingine yanaweza kunirudia?

Dada mmoja ameniandikia, nafupisha maneno yake. Alienda kuziba gego la chini, msaidizi wa daktari akamning'inizia pembeni ya mdomo kile kibomba chembamba kilichokunjwa kinachonyonya mate, na kila baada ya dakika kadhaa anaambiwa "funga mdomo kidogo", anafunga, mate yanaondoka, kazi inaendelea. Mara ya mwisho alipofunga akahisi kitu cha baridi kimerudi juu ya ulimi, akakitema. Usiku hakulala, anajiuliza yale yalikuwa mate yake au ya yule aliyetoka kwenye kiti kabla yake. Anauliza pia kwanini kulikuwa na bomba lingine kubwa la kelele, kwanini pamoja na mabomba yote mawili bado alipaliwa na maji, na wiki ijayo anarudi palepale kung'oa gego la mwisho upande wa pili kwa hiyo anataka kujua cha kuogopa ni kipi.

Dada yangu, nianze na hilo lililokunyima usingizi. Ndiyo, yanaweza kurudi. Hujajitungia, na ulichokisikia kwenye ulimi inawezekana kabisa kilikuwa hicho. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kimelitaja jambo hili wazi kwenye mwongozo wake wa matibabu ya meno wa mwaka 2003, na kwenye mwongozo huohuo kikasema hakuna madhara ya kiafya yaliyoripotiwa kwa wagonjwa kutokana nalo. Chukua yote mawili kwa pamoja. Kurudi kunatokea kweli, na hapohapo huna sababu ya kukaa unajihesabu kama mtu aliyeambukizwa. Ila kwa kuwa kuzuia ni rahisi mno mimi sioni kwanini mgonjwa yeyote aambiwe afunge mdomo kwenye kile kibomba, na wasaidizi wangu nimewakataza.

Sasa inakuwaje kitu cha kunyonya kirudishe? Watu wengi wanafikiri kibomba kinavuta mate kama mtu anavyovuta kamba, sivyo. Pampu inapunguza presha ndani ya bomba, hewa ya mdomoni mwako ambayo presha yake ni kubwa zaidi inakimbilia huko, na katika kukimbia inayabeba mate. Kwa hiyo mbebaji ni hewa. Mdomo ukiwa wazi hewa inaingia muda wote, mate yanasafiri. Ukifunga midomo ukakizunguka kibomba, kwa sekunde ya kwanza inaonekana kimefanya kazi nzuri kweli, mdomo wote unakauka, ndo maana watu wanaipenda njia hiyo, lakini baada ya hapo hewa imekatika, mdomo wako umekuwa kama chupa iliyozibwa, presha ya ndani inashuka mpaka inakaribiana na ile ya kwenye bomba, na mate yaliyokuwa njiani yanasimama hapohapo yalipo. Alafu wewe unameza, au unabana mashavu kama mtu anayenyonya mrija, presha ya mdomoni inashuka chini ya ile ya bomba, na yale yaliyosimama yanageuza njia. Ni wewe umekinyonya kibomba badala ya chenyewe kukunyonya.

Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawaonyesha hivi. Nachukua kibomba kipya cha plastiki, kile cha kuonekana ndani, nakichomeka kwenye mpira wake, natia ncha kwenye glasi ya maji yenye rangi ya bluu. Maji yanakimbia yakiwa na mapovu, unasikia ile sauti ya korokoro. Nakitoa kwenye glasi wakati bado kuna bluu ndani, alafu naichomeka ncha kwenye mdomo wa bomba kubwa la sindano, hiyo sindano ndo mdomo wa mgonjwa. Sauti inakatika palepale. Mapovu yanaacha. Mstari wa bluu umesimama ndani ya plastiki kama umeganda. Navuta mpini wa sindano kidogo tu, kama mtu anavyomeza, na bluu inarudi nyuma, tone la kwanza, la pili, linaingia kwenye sindano. Hakuna aliyewahi kuona hilo kwa macho yake alafu akamwambia tena mgonjwa afunge mdomo.

Kuna hali mbili zinazoongeza uwezekano wa kurudi. Moja ni mpira wa kibomba kupita juu kuliko mdomo wako, mfano umening'inizwa kwenye mkono wa taa au daktari ameupitisha juu ya kifua chako kilichonyanyuka, hapo uzito wa maji yenyewe unayarudisha chini kwako. Ya pili ni bomba kubwa kutumika wakati mmoja na dogo, maana mara nyingi yote mawili yanategemea pampu moja na kubwa likifunguka linachukua nguvu. Kwa jinsi ulivyoeleza, wewe ulikuwa na hii ya pili pamoja na kufunga mdomo.

Swali la mate ya nani. Ncha ile ya plastiki inayoingia mdomoni ni ya mgonjwa mmoja, inatupwa, na ukiwa na shaka omba uione ikitolewa kwenye pakiti au boksi lake, hiyo ni haki yako. Tatizo liko nyuma ya ncha. Pale inapochomekwa kuna valvu, yaani kifungulio cha mvuto, baada ya valvu kuna mpira mrefu unaoingia kwenye kiti, na huo haubadilishwi kila mgonjwa, haiwezekani. Ndani yake mnapita mate, damu, vumbi la meno na dawa za kuzibia kutwa nzima, na usipooshwa unajenga utando wa bakteria kwenye kuta zake, ule utelezi unaouona ndani ya bomba la sinki ambalo halijasafishwa siku nyingi. Kwa hiyo kilichokurudia, kama kilirudi, kwa sehemu kubwa kilikuwa mate yako mwenyewe yaliyokuwa yametoka sekunde chache kabla, ila kama mpira haukusuuzwa baada ya mtu wa kabla yako basi siwezi kukuapia kwamba kilikuwa chako peke yako.

Hapa niseme kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa bado kijana kazini niliwahi kushika zamu kwenye kliniki moja, sakshen, yaani mashine ya kunyonya, ikawa dhaifu, inavuta kama mtu mwenye mafua. Nikaomba tufungue chujio la kiti. Msaidizi akaniuliza, chujio lipi? Alikuwa amefanya kazi pale mwaka mzima na hajawahi kuambiwa kwamba kuna kikombe kidogo pembeni ya kiti chenye chujio ndani yake. Tulipofungua tukakuta tope la kijivu limejaa mpaka juu, vipande vya amalgamu (dawa ya kuzibia meno yenye zebaki), pamba, kipande cha glavu, na harufu iliyotufanya tufungue madirisha. Wagonjwa wa mwaka mzima walikuwa wamelala pale na ncha mpya safi kabisa, iliyochomekwa kwenye mpira wa namna ile. Yule msaidizi simlaumu hata kidogo, alikuwa mchapakazi, nawalaumu waliomkabidhi mashine bila kumfundisha.

Inavyotakiwa ni hivi. Baada ya kila mgonjwa unavuta maji safi kwenye mipira yote miwili, na usizamishe ncha moja kwa moja kwenye maji, unaigusisha na kuitoa ili maji yaingie pamoja na hewa, ule mchafuko wa mapovu ndo unaokwangua kuta. Jioni unavuta dawa maalum ya kusafishia mipira ya sakshen isiyotoa povu, maana povu likifika kwenye pampu linaisumbua. Chujio linabadilishwa kwa ratiba inayojulikana, mtu akiwa amevaa glavu nene, barakoa na miwani. Ncha kubwa za chuma zinapitia mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, za plastiki zinatupwa. Na mpini wa valvu, ambao msaidizi anaushika kwa glavu zilizojaa mate yako, unavishwa plastiki ya kutupwa au unapanguswa kwa dawa kabla hujakaa wewe.

Kuna wanaomwaga dawa ya klorini ya kufulia kwenye mipira wakiamini inaua kila kitu. Wasifanye hivyo. Nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na klorini inasaidia kuitoa zebaki kwenye vile vipande vilivyokwama ndani, inaingia kwenye maji machafu. Kliniki zilizojipanga zina kifaa cha kutenganisha amalgamu kabla maji hayajaenda kwenye mfereji, kiwango cha kimataifa cha ISO 11143 kinataka kikamate angalau asilimia 95. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, umezifanya nchi nyingi ziangalie jambo hili kwa macho mengine. Hilo ni la mwenye kliniki zaidi kuliko lako, tuliache.

Turudi kwenye mabomba mawili. Kabla hujauliza kwanini yapo, jiulize maji yote yale yametoka wapi. Mate yako peke yake ukiwa umetulia ni kidogo, chini ya mililita 1 kwa dakika. Maji mengi ni ya mashine ya kuchonga. Tangu daktari wa meno John Borden alipoleta ile turbaini ya hewa mwaka 1957 tunachonga kwa kasi ya mizunguko zaidi ya 300,000 kwa dakika, na chuma kinachozunguka hivyo kikigusa jino kikavu kinazalisha joto la kuua mshipa wa ndani. Kuna majaribio maarufu ya watafiti Zach na Cohen ya 1965 kwa nyani, kiini cha jino kilipopandishwa joto kwa nyuzi 5.5 tu, asilimia 15 ya meno yale yalipoteza uhai. Ndo maana mashine inarusha maji muda wote, inashauriwa yasipungue mililita 50 kwa dakika. Sasa piga hesabu, dakika kumi za kuchonga ni nusu lita, na wewe umelala chali mdomo wazi.

Kile kibomba chembamba hakiwezi hiyo kazi. Kimetengenezwa kwa ajili ya mate yanayojikusanya taratibu chini ya ulimi, na kwa kazi hiyo ni kizuri, kimekunjwa ili kikae chenyewe bila mtu kukishika. Bomba kubwa, sisi tunaita sakshen kubwa, ncha yake ina tundu la milimita 8 au zaidi na linavuta zaidi ya lita 250 za hewa kwa dakika, ndo maana linapiga kelele, hiyo kelele ni hewa. Linachukua maji, vipande vya jino, vumbi la dawa ya zamani, na jambo ambalo wagonjwa hawalioni, linachukua ule ukungu unaoruka kutoka mdomoni kabla haujafika usoni kwa daktari na kusambaa chumbani. Likishikwa karibu na skela ya mtetemo, kile kifaa cha kubandua ugaga, wakati wa kusafisha meno linapunguza ukungu huo kwa asilimia 90 na zaidi. Kibomba chembamba hakisaidii kitu hapo, nasema hivi kwa sababu bado nakuta wenzangu wanasafisha meno ya watu na kibomba chembamba peke yake, wakiwa wamevaa barakoa wanadhani wameshajikinga.

Lakini sakshen kubwa inataka mtu wa kuishika na anayejua kuishika. Msaidizi mzuri anaingiza ncha kwanza, daktari ndo anafuata na mashine, kwa sababu ukianza na mashine maji yameshatangulia kwenye koo. Ncha inakaa sentimita moja hivi kutoka kwenye jino, mdomo wake uliokatwa mshazari ukiliangalia jino, na hapohapo inasukuma shavu au ulimi pembeni visiumie. Haigusishwi kaakaa laini wala nyuma kabisa ya ulimi, ukigusa hapo mgonjwa anataka kutapika na hana kosa lolote. Na ikitokea imenasa shavu, ile hali ya kusikia nyama ya ndani imevutwa ghafla na sauti ikabadilika, usishtuke na usirudishe kichwa, msaidizi anageuza kifundo cha mkono au anafunga valvu na shavu linaachia. Kuvuta kwa nguvu ndo kunaacha alama.

Kwanini ulipaliwa sasa. Ukiwa umelala, nyuma ya mdomo ulimi na kaakaa laini vinakutana vinafanya kama mlango, maji yanakaa mbele ya mlango na wewe unapumua kwa pua. Mlango huo unafunguka ukipumua kwa mdomo, ukijaribu kuongea, au ukijaribu kumeza huku mdomo uko wazi. Mtu aliyezibwa pua hana pa kupitishia hewa isipokuwa hapohapo penye maji, huyo atapaliwa tu hata sakshen iwe nzuri kiasi gani. Kwa hiyo siku yako ikifika na una mafua, piga simu uombe kusogeza tarehe, au angalau waambie wakulaze nusu wima. Vilevile kama ni mjamzito wa miezi ya mwisho, au una shida ya kumeza, au tindikali inakupanda, sema kabla kiti hakijashushwa.

Na mkubaliane ishara. Mkono wa kushoto ukinyanyuka daktari anasimama, bila maswali. Nimeona wagonjwa wengi wanaoitwa waoga, ambao kwa kweli hawaogopi sindano wala maumivu, wanaogopa kuzama. Mama mmoja alikuwa anashika mkono wangu kila nikiwasha mashine, mpaka nilipompa ishara hiyo na nikaanza kuchonga kwa vipindi vifupi, nachonga kidogo, nasimama, sakshen inazunguka inamaliza maji, anapumua, tunaendelea. Tulimaliza na meno mawili siku ile. Yeye alichokuwa anahitaji ni uhakika kwamba anaweza kusimamisha maji muda wowote.

Wakikwambia tena ufunge mdomo, wewe waambie kwa heshima tu, "naomba mnivutie na ile kubwa, sitafunga". Au bakiza mdomo wazi, geuza kichwa kuelekea upande wa kibomba, sukuma mate kwa ulimi yakakikute kilipo. Inatosha. Na kama ni kazi ya mizizi, siku nyingine, uliza kama watakuwekea kile kitambaa cha mpira kinachotenganisha jino na mdomo mzima, kipo tangu 1864 alipokianzisha Sanford Barnum na bado hakijapata mpinzani, kinazuia maji na vifaa vidogo kuangukia kooni na kinazuia dawa kali ya kusafishia mizizi isikuchome.

Wiki ijayo lakini ni kung'oa, na hapo sakshen inabadilika. Kama gego liko vizuri na linatoka kwa kawaida, maji hayatakuwepo mengi. Kama itabidi wakate fizi na kupunguza mfupa, watatumia ncha nyembamba ya upasuaji, tundu lake ni milimita chache tu, kwa sababu daktari anahitaji kuona sehemu ndogo sana penye damu, na bomba kubwa lingemeza mpaka uzi wa kushonea. Utaisikia inaziba mara kwa mara, damu inaganda ndani, msaidizi anavuta maji masafi kuizibua, ni kawaida. Nyuma ya koo wanaweza kukuwekea gozi, kile kitambaa cheupe cha hospitali, ili kipande cha jino kisiteleze kwenda kwenye njia ya hewa, na gozi hiyo inahesabiwa kabla na baada.

Jino likishatoka, uangalie wewe mwenyewe nguvu ya kunyonya. Kwenye lile shimo damu inatakiwa igande ikae, ndo bandeji yenyewe, na chini yake mfupa unapona. Daktari mwangalifu anapitisha sakshen pembeni, hachokonoi ndani ya shimo bila sababu. Ukifika nyumbani ile presha niliyokueleza mwanzo inakuwa mikononi mwako, ukinywa kwa mrija, ukivuta sigara, ukijinyonya shimo kwa ulimi ili utoe damu, ukitema kwa nguvu, unafanya kilekile sakshen inachofanya, na bonge la damu likitoka mfupa unabaki wazi, maumivu yake yanaanza kama siku ya pili au ya tatu na yanapanda mpaka sikioni. Kwa hiyo uma gozi kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia, mate yaliyochanganyika na damu yameze au yaache yadondoke kwenye taulo, maji kunywa na glasi, na mrija weka mbali wiki nzima. Damu ikiendelea kujaa mdomo baada ya kuuma gozi mara mbili, rudi walikokung'olea siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na pamefungwa nenda hospitali yoyote iliyo wazi.